Safari na Baba kwa Reli ya Mombasa

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 nilipata likizo ya siku kumi na nne kutoka ofisi ya Serikali nifanyamo kazi ya ukarani, hapa Nairobi. Nilikuwa nimekwisha kusudia kwenda kwetu Butere kusaidia kuvuna mahindi, lakini kabla sijafunga mizigo baba yangu alinipelekea habari kwamba nisiende, maana yeye mwenyewe alikuwa njiani kuja. Alifika kwa basi alfajiri. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo wa nguo, na ndani ya mfuko mlikuwa na kopo tupu la majani ya chai lenye kifuniko. Nilipomwuliza kopo hilo ni la nini, alinijibu, "Mwanangu, utaiona kazi yake tufikapo Maungu."

Yanipasa nimweleze msomaji habari hii tangu mwanzo. Baba aliingia kazi ya reli mwaka 1974, wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nchi zetu tatu zilipokuwa zingali zikitumia reli moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo ikagawanywa, na mwaka uliofuata kukawa na Shirika la Reli la Kenya. Baba hakuhama, kilichobadilika ni vifungo vya koti lake tu. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli katika stesheni ndogo ndogo, kuwasha taa za ishara usiku, na kumpa dereva ruhusa ya njia. Ni kazi isiyo na sifa kubwa, lakini mwenye kuifanya akisinzia dakika tano, watu hufa.

Kati ya mwaka 1984 na 1987 alikuwa Maungu, stesheni iliyo mbele kidogo ya Voi katika nyika ya Taru. Huko ndiko wazazi wangu walikopata mtoto wao wa kwanza, dada yangu, ambaye mimi sikumwona. Mwaka 1985 alishikwa na malaria, akafariki akiwa na umri wa miezi minane. Kutoka Maungu hadi Butere ni mwendo mrefu sana, na mshahara wa baba ulikuwa mdogo. Ikawa hapana budi mtoto azikwe nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, na juu ya kaburi baba akasimamisha taruma moja kuukuu la chuma liwe alama. Baadaye akahamishwa, kama ilivyo desturi ya kazi ya Serikali na ya mashirika yake, wakaondoka.

Mama yangu alifariki mwaka 2019. Siku zake za mwisho hakuomba jambo ila moja tu, kwamba mtoto yule asiachwe peke yake nyikani, na kama haiwezekani kumrudisha, basi uletwe hata udongo wa pale, uwekwe pamoja naye. Baba aliahidi. Lakini mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, njia zikafungwa. Na kabla mambo hayajatengemaa vizuri, macho ya baba yakashikwa na ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alimwambia waziwazi kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na dawa ni za kuilinda iliyobaki tu. Siku hizi anaona kama mtu achunguliaye katika tundu la ufunguo. Ndiyo sababu hakutaka kungoja likizo nyingine. Mahali pale, katika watu wote walio hai, palijulikana na yeye peke yake.

Basi nikakata tikiti kwa simu, kama wafanyavyo watu wote siku hizi. Wale ambao hawajapata kusafiri kwa reli mpya wajue kwamba magari ya abiria si ya namna moja. Kuna gari la haraka, ambalo huenda Mombasa kwa muda wa saa tano au kupita kidogo. Na kuna gari la asubuhi, liendalo polepole zaidi, ambalo husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Mwenye kwenda Voi achague hili la pili. Nauli ya daraja la chini kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa mwezi wa Januari mwaka 2024 kutoka shilingi 1,000 ikawa shilingi 1,500. Mwenye kushuka njiani hulipa pungufu. Tena asisahau kitambulisho chake, na afike mapema, maana mizigo hukaguliwa na askari na kunuswa na mbwa kabla mtu hajakaribia behewa.

Stesheni ya reli mpya haiko mjini, iko Syokimau. Baba aliposhikwa mkono na kuingizwa katika jumba lile kubwa la vioo alisimama kidogo, akasikiliza viatu vya watu juu ya sakafu. Akaniuliza, "Hapa ni stesheni au ni hospitali?" Nilimweleza kwamba reli hii ilijengwa na kampuni ya Kichina, kwa mkopo mkubwa kutoka benki ya Serikali ya China, na kwamba ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Gharama yake ilikuwa shilingi bilioni 327, nalo deni hilo litalipwa na watoto wetu pia. Baba alisema kwamba hata ile ya zamani wazee waliikuta na lawama za gharama.

Alisema kweli. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na Serikali ya Uingereza ilitumia juu yake zaidi ya pauni milioni tano, huku wabunge wengi wa London wakiuliza reli hiyo ni ya kwenda wapi na kufanya nini. Ilifika hapa Nairobi mwaka 1899. Mahali hapa hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda wa majimaji ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe zao katika mto wa maji baridi, ndiyo maana ya jina hili katika lugha yao. Wajenzi walipaona pafaa kupumzika na kuweka karakana kabla ya kuupanda mlima kuelekea Bonde la Ufa. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba Nairobi ni mtoto wa reli. Mwezi wa Desemba mwaka 1901 reli ikafika ziwani, Kisumu, mwendo wa kilometa 930 hivi kutoka pwani.

Saa mbili asubuhi gari likaondoka. Liliondoka pasipo kishindo, hata baba hakujua kwamba twaenda, mpaka nilipomwambia. Akakaza masikio kwa muda mrefu, kisha akasema, "Gari hili haliongei." Nilielewa maana yake. Reli za zamani ziliungwa kipande kwa kipande, na kila gurudumu likipita kwenye kiungo hulia. Mtu wa reli angeweza kufumba macho na kujua mwendo wa gari kwa kuhesabu milio. Reli mpya zimechomelewa zikawa kama uzi mmoja mrefu. Tena ni pana zaidi: reli ya zamani ina upana wa meta moja kamili, na hii mpya sentimeta 143 na nusu, ndiyo maana gari la abiria laweza kukimbia kilometa 120 kwa saa pasipo kuyumba. Ile ya zamani ilizunguka vilima na mabonde. Hii imepita juu ya matuta na madaraja, na urefu wake umepungua ukawa kilometa 472 hivi.

Tukapita mbuga za Athi, nikamwonyesha baba twiga wawili. Hakuwaona. Lakini kila nilipomtajia jina la mahali, yeye alikuwa na neno la kusema. Nilipotaja Sultan Hamud alinikumbusha kwamba jina hilo latokana na Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyekuja kuitazama kazi ya reli ilipofika hapo mwaka 1898. Nilipotaja Kima alisimulia habari ya Ryall, mkuu mmoja wa polisi wa reli, aliyelala ndani ya behewa mwaka 1900 akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamshinda, simba akaingia, akamtoa kwa dirisha. Behewa lenyewe liko hata leo katika Jumba la Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, ambapo pia yamewekwa magari makubwa ya moshi ya zamani yaliyopewa majina ya milima. Magari hayo yalikuja katikati ya miaka ya hamsini, na hapakuwa na gari la moshi lenye nguvu kuyashinda katika reli zote za meta moja duniani. Baba aliwahi kuyageuzia njia kabla hayajaondolewa mnamo mwaka 1980. Anasema ardhi ilitetemeka yangali mbali.

Makindu gari halikusimama. Baba alisikitika kidogo, kwa sababu Makindu pana hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, na wafanyakazi wa reli wa dini hiyo walikuwa miongoni mwa wajenzi wake. Mpaka leo msafiri yeyote, awe wa dini gani, hupewa hapo chakula pasipo malipo. Baba alikula chapati na dengu za hapo mara nyingi alipokuwa kijana asiye na senti.

Hapa nataka kusema neno juu ya watu waliojenga reli ile ya kwanza. Vibarua na mafundi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Katika hao, 2,500 hivi walikufa kwa malaria, kuhara, ajali na wanyama wakali. Na 6,700 hivi walikaa, ndio mababu wa baadhi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Waafrika nao walifanya kazi ya kufyeka, kuchimba na kubeba, lakini majina yao hayaonekani vitabuni. Katika nyika ya Taru hapakuwa na maji, ikabidi maji yachukuliwe kwa gari kutoka nyuma kila siku. Na mbung'o waliwaua punda na ng'ombe waliovuta mizigo. Mto Tsavo ulipofikiwa mwaka 1898, simba wawili wasio na manyoya shingoni waliwashambulia wajenzi wa daraja kwa miezi tisa, hata kazi ikasimama, mpaka mhandisi Patterson alipowaua wote wawili mwezi wa Desemba. Yeye baadaye alidai kwamba waliwaua watu 135. Wataalamu waliozichunguza mifupa na nywele zao mwaka 2009 walikadiria watu 35 hivi. Ngozi zao ziko Chicago, Marekani, katika jumba la makumbusho.

Nilipokuwa nikimweleza baba hesabu hizo, alinikatiza. "Simba wana jumba lao Amerika," akasema. "Na wale walioliwa, makaburi yao yako wapi?" Sikuwa na jibu. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika majina ya waliozaliwa na waliofariki, na kugonga mhuri. Ndipo nilipokumbuka kwamba jina la dada yangu halimo katika daftari lolote.

Kutoka Mtito Andei twaingia katika mbuga ya Tsavo. Tuta la reli limeinuliwa juu na kuzungushiwa ua, na mahali mahali yameachwa mapito mapana ili ndovu wapite chini; nao wamejifunza kuyatumia. Ardhi ni nyekundu kama matofali, na mibuyu imesimama mmoja mmoja. Yapata saa sita mchana tukashuka Voi. Hapo zamani ndipo ilipochepuka reli ya Taveta, iliyoanza kujengwa mwaka 1915 wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani.

Kutoka Voi tulipanda matatu, na baada ya kilometa 30 hivi tukafika Maungu. Ni mji mdogo wa kando ya barabara kuu, wenye malori, mikahawa na joto kali. Tulipovuka kwenda upande wa reli ya zamani niliona mara moja kwamba kazi haitakuwa rahisi. Gari la mwisho la abiria katika reli hii lilipita mwaka 2017. Nyasi na miiba imeota kati ya vyuma, na baadhi ya nyumba za wafanyakazi zilikuwa hazina mapaa wala milango. Baba aliuliza, "Waziona nyumba?" Nikamwambia naziona. Sikumwambia zilivyo.

Yeye alikuwa amekwisha fikiri jinsi ya kupatafuta. Alisema, "Nisimamishe penye nguzo ya ishara ya upande wa Nairobi. Kutoka hapo kwenda stesheni kuna mataruma mia mbili na kumi, kisha ugeuke upande wa mkono wa kulia, hatua arobaini, utaona mbuyu. Njia hiyo niliipita kila usiku na taa mkononi kwa miaka mitatu." Nikamwongoza kando ya reli mpaka nilipoiona nguzo ya chuma, nikamwambia ndiyo hii. Akaanza kutembea juu ya mataruma, mimi nikimshika kiwiko, naye akihesabu kwa sauti. Tulipofika mia mbili na kumi tukageuka, tukahesabu hatua arobaini. Hapakuwa na mbuyu. Palikuwa na shimo la takataka na mbuzi wawili.

Baba hakusema neno. Aliketi juu ya jiwe, akaliweka lile kopo juu ya magoti yake. Nami nilisimama juani nikiona aibu, kana kwamba ni mimi niliyepapoteza mahali pale. Niliwaza kwamba huenda mbuyu ulikatwa, au kwamba kumbukumbu ya mzee imepungua pamoja na macho, na kwamba itanibidi kumrudisha Butere na kopo tupu.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiwafuata wale mbuzi. Alitusalimu kwa adabu, akamwita baba mzee wangu, akauliza tumepotelewa na nini. Baba alipotaja kazi aliyokuwa akiifanya hapo na mwaka wenyewe, mama yule alicheka kwa furaha. Alisema kwamba miaka ile alikuwa msichana, naye alikuwa akimsaidia mama yake kuuza mayai ya kuchemsha na chai kwenye madirisha ya gari la moshi. "Gari likisimama hapa usiku, mji wote ulikuwa macho," akasema. "Ada ya shule yangu ilitoka dirishani. Sasa gari jipya lapita kule kwenye tuta, tunaona taa zake tu."

Nilimwonyesha ile nguzo. Akatikisa kichwa. "Hiyo siyo, mwanangu. Ya zamani ilikatwa na wauza vyuma chakavu. Kisiki chake kiko mbele, karibu na mfereji."

Tulirudi, tukaenda mbele kiasi cha mwendo wa dakika tatu, na kweli tukakikuta kisiki cha chuma kimefunikwa na majani. Baba akainama, akakipapasa, akatia mguu juu ya taruma la kwanza. Safari hii mama yule naye alihesabu pamoja nasi. Mahali pengine mataruma yalikuwa yamefukiwa na mchanga, baba akayahesabu kwa urefu wa hatua yake, pasipo kusita. Mia mbili na kumi. Tukageuka kulia. Tulipofika hatua ya thelathini na mbili nikauona mbuyu nyuma ya vichaka, nikamwambia. Yeye akaendelea kuhesabu mpaka arobaini.

Taruma lililosimamishwa juu ya kaburi halikuwapo. Bila shaka nalo lilikwenda na vyuma chakavu. Lakini baba alipiga magoti akapapasa ardhi, akapata jiwe, halafu la pili. Yalikuwa kokoto kubwa kubwa za reli, zimepangwa mviringo, zimezama nusu. Aliyahesabu yakawa saba, akasema, "Bado moja." Tukachimbua kwa kijiti, na la nane tukalikuta chini ya mchanga. Akanieleza kwamba aliweka mawe manane kwa ajili ya miezi minane, na kwamba hata mama hakumwambia, kwa kuwa angelia zaidi.

Tukasali. Baba akamtaja dada yangu kwa jina, jina la bibi yetu mzaa baba, nami niliyafunga macho yangu ili tuwe sawa. Kisha akachota udongo kwa mikono yake mwenyewe, akaujaza katika kopo, akalifunika. Mama yule alituletea maji ya kunywa. Nilipotaka kumpa fedha alikataa; akasema kwamba mbuzi wake hupita hapo kila siku, naye tangu siku hiyo atawafukuza wasikanyage. Nilichukua namba ya simu yake, nasi tumepelekeana salamu mara nyingi tangu hapo.

Usiku huo tulilala Voi, na kesho yake tukapanda tena gari la mchana kwenda Mombasa. Tulipita Mackinnon Road, ambapo kando ya reli ya zamani pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu wa Bara Hindi aliyefanya kazi ya kujenga reli na ambaye watu wengi humheshimu kama walii. Madereva walizoea kupiga honi wapitapo hapo. Basi nikajua kwamba yuko walau kibarua mmoja ambaye kaburi lake halikusahauliwa. Halafu tukashuka Mariakani, hewa ikawa nzito, minazi ikaanza kuonekana, na tukafika stesheni ya Miritini, iliyo bara, nje ya kisiwa. Kutoka hapo mtu hupanda matatu kuingia mjini. Mgeni na akumbuke hivyo, asije akadhani atashuka karibu na bandari kama zamani.

Mombasa nayo ina maneno yake juu ya reli hii. Mwaka 2018 makasha ya mizigo yaliyoingia bandarini yalianza kulazimishwa kupakiwa katika reli mpya hadi Nairobi, na watu wa malori, magodauni na mikahawa, kutoka Mombasa hadi Mtito Andei, walilalamika sana kwamba riziki yao imechukuliwa. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022. Mimi sisemi kwamba reli mpya ni mbaya. Gari ni safi, ni salama, na mtu aweza kwenda pwani na kurudi katika siku mbili, ambapo gari la zamani lilikesha njiani usiku mzima, na miaka yake ya mwisho hata zaidi. Lakini kitu kipitacho kwa haraka huwaacha walio njiani, na yafaa tulikumbuke jambo hilo, sisi tunaokaa katika madirisha yasiyofunguka.

Jioni nilimpeleka baba Kilindini, kwenye kivuko, asikie bahari na milio ya meli. Alisimama akiwa na kopo lake kwapani. Alisema kwamba yeye alipokea magari yatokayo huku kwa miaka thelathini, wala hakupata kuuliza mwanzo wake ukoje.

Baada ya siku nne tulikuwa Butere. Ndugu na jirani walikusanyika, udongo ukawekwa katika kaburi la mama, upande wa kushoto, mahali alipozoea kumlaza mtoto mgongo ukimwuma. Baba alilala mapema siku hiyo, na dada zangu wadogo wasema kwamba alilala mpaka jua likawa juu, jambo ambalo hakulifanya tangu mwaka 2019.

Nami niliporudi ofisini nilichukua fomu za kuandikisha kwa kuchelewa, moja ya kuzaliwa na moja ya kufa. Kwa miaka mingi nimewasaidia wengine kuzijaza, na nimekuwa mwepesi kuwakemea waliokuja wamechelewa. Safari hii niliandika polepole. Penye mahali pa kufariki niliandika Maungu, na penye kazi ya baba niliandika mgeuza njia za reli.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wenzangu walio na wazazi waliozeeka: waulizeni wangali wanakumbuka, na likizo ikipatikana msiingoje nyingine. Nguzo hukatwa na vyuma huuzwa, na mwenye kuijua hesabu ya mataruma hawi nasi siku zote.